Kabla Zege Halijamwagwa: Niliyojifunza Katika Kukagua Madai ya Wazabuni

Disemba 2009, umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari ulikatika, na Unguja ikakaa bila ya umeme wa gridi kwa miezi mitatu, hadi Machi 2010. Wakati huo nilikuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha kusindika matunda na kujaza vinywaji, nikiwa na miaka miwili tu kazini. Kiwanda kilikuwa na jenereta moja ndogo ya kuwashia taa na kompyuta, na kila siku iliyopita ilitupotezea maji ya matunda yaliyokuwa yakiharibika ndani ya vyumba vya baridi. Uongozi uliamua kununua jenereta kubwa haraka iwezekanavyo, ikapatikana, ikaletwa, ankara ikaja mezani kwangu. Niliilinganisha na hati ya kuagizia mali, nikaona zote mbili zinasema jenereta moja ya kVA 500 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta), nikahakikisha kuwa bei ni ile ile na saini zote zimo, nikapeleka malipo yaidhinishwe. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiamini kuwa nimefanya kazi yangu sawasawa.

Wiki ya tatu jenereta ilianza kuzima. Kila ilipobebeshwa vyumba vya baridi pamoja na mashine ya kujazia chupa, ilikwenda saa nne au tano, joto likapanda, ikajizima yenyewe. Fundi mkuu wetu, mzee wa makamo ambaye wote tulimwita Maalim kwa sababu aliwahi kusomesha skuli ya ufundi, alinichukua mpaka kwenye ile mashine, akafuta mafuta na vumbi kwenye kibati cha maelezo kwa kitambaa, akaniambia nisome kwa sauti. Kibati kilikuwa na safu mbili. Moja ilisema kVA 500 kwa matumizi ya dharura. Nyengine ilisema kVA 455 kwa matumizi ya mfululizo. Akanieleza kuwa kiwango cha kwanza ni cha kusaidia kwa saa chache umeme unapokatika, na cha pili ndicho mashine inachoweza kukibeba siku baada ya siku. Akaniambia pia kuwa kVA si kilowati: kwa kipimo cha kawaida cha jenereta hizi unazidisha kwa 0.8, kwa hiyo ile 500 ni kilowati 400, na ile 455 ni kilowati 364. Sisi tulikuwa tukihitaji kilowati 390 kwa saa ishirini za kila siku.

Nilipouliza kama tumedanganywa, Maalim alitikisa kichwa. Muuzaji alileta kitu kilichoandikwa kwenye oda. Oda yetu ilisema kVA 500 na haikusema kwa matumizi gani. Kosa lilikuwa limekwishafanyika siku ile karatasi ilipoandikwa, na mimi niliyeikagua ankara baada ya mwezi sikuwa na njia yoyote ya kulikamata, kwa sababu nilikuwa nikilinganisha karatasi yenye upungufu na karatasi nyengine iliyonakiliwa kutoka humo humo.

Nimeanza na jenereta kwa sababu miaka mingi baadaye, nilipopewa dhamana ya ukaguzi wa ndani na kiwanda kikaingia katika upanuzi mkubwa wa boila mpya, matangi matatu, mtandao wa mabomba na jengo la kuhifadhia mizigo, niliikuta hali ile ile ikijirudia kwa fedha nyingi zaidi. Matumizi ya mtaji, yaani fedha za mitambo na majengo, hayafanani na ununuzi wa sukari au chupa. Ukinunua sukari mbovu leo, kesho utabadilisha muuzaji. Lakini boila ikishawekwa na kujengewa, utaishi nayo miaka ishirini, na kila shilingi uliyoilipa bila ya haki itaingia katika thamani ya mali na kukatwa uchakavu kidogo kidogo mwaka hadi mwaka, bila ya mtu kuiona tena.

Jambo la kwanza nililolitafuta katika upanuzi ule lilikuwa mikataba, na nilichokigundua ni kuwa tulikuwa tukikagua madai yote ya malipo kwa namna moja ilhali mikataba yenyewe ililipa kwa namna tatu tofauti. Boila ilinunuliwa kwa bei moja isiyobadilika, ikiwa imefika na kuwashwa. Kwa mkataba wa namna hiyo, haina maana kumwuliza muuzaji alinunua chuma kwa kiasi gani au aliwalipa mafundi wake nini. Hiyo ni hasara yake au faida yake. Wajibu wa mkaguzi ni kuhakikisha kuwa kilichofika ndicho kilichoahidiwa na kinafanya kazi kwa kiwango kilichoandikwa. Msingi na jengo vililipwa kwa kipimo, yaani bei ya kila mita ya ujazo ya zege au kila mita ya ukuta, na hapo dai lote linasimama juu ya futi ya kupimia: nani alipima, lini, na mbele ya nani. Mabomba yalilipwa kwa saa za mafundi pamoja na gharama halisi ya vifaa, kwa sababu hakuna aliyejua mapema mabomba ya zamani yataonekana katika hali gani. Huko ndiko ambako vitabu vya mkandarasi lazima vifunguliwe, na ndiko ambako mkataba wetu haukutupa haki ya kuvifungua. Kitu kimoja ambacho ningetamani kila mhasibu wa kiwanda hapa Zanzibar akijue ni hiki: namna ya bei ndiyo inayokwambia ukague nini. Nimeona watu wenye bidii wakipoteza wiki nzima wakidai stakabadhi za mkataba wa bei moja, huku karatasi za saa zikipita mbele yao kama upepo.

Msingi wa boila ndio ulionifundisha zaidi, na nitaueleza kwa urefu.

Michoro ilitaka msingi wa mita 4 kwa 3, kina cha mita 1.2, ambao ni mita za ujazo 14.4. Dai la mkandarasi lilipokuja lilikuwa la mita 22.4. Maelezo yake yalikuwa mafupi: wakati wa kuchimba walikuta pango kwenye jiwe, wakalijaza zege la mita 8 za ziada. Mtu asiyeijua ardhi yetu angesema ni hadithi. Lakini sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na jiwe hilo lina mashimo na mapango ambayo huyaoni mpaka uyafikie kwa sururu. Watu wanaochimba visima na vyoo wanalijua hilo tangu utotoni. Kwa hiyo dai lilikuwa na uwezekano wa kuwa kweli, na wakati huo huo hakukuwa na njia ya kulithibitisha, maana boila yenye uzito wa tani kadhaa ilikuwa imekwishakaa juu yake.

Msimamizi wetu alikuwa ametia saini. Nilimwuliza kama aliliona pango, akasema aliambiwa lipo. Meneja wa uzalishaji aliliona kwa mbali, na akakiri kuwa alimwambia mkandarasi maneno haya: "Jaza tu, tutajua baadaye." Hakuna kipimo kilichochukuliwa, wala hakuna barua iliyoandikwa.

Nilikaa na jambo lile siku mbili kabla ya kukumbuka kuwa saruji ilikuwa yetu. Kwa mkataba ule, kiwanda kilitoa saruji kutoka stoo na mkandarasi akaleta mchanga, kokoto na watu. Zege la uwiano wa 1:2:4, yaani saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, hutumia mifuko sita na kidogo ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo; ukikadiria 6.3, msingi wa mita 14.4 unahitaji mifuko kama 91, na msingi wa mita 22.4 unahitaji kama 141. Nilikwenda stoo, nikafungua daftari la kutolea mali, nikafuata kidole kwa kidole siku zile nne za kumwaga zege. Mtunza stoo alikuwa mwanamke mwangalifu aliyeandika hata mfuko uliopasuka. Jumla ilikuwa mifuko 106. Mifuko hiyo haikuweza kuzaa mita 22, labda kwa zege dhaifu ambalo lisingestahili kulipwa kabisa. Lakini pia ilikuwa mingi kuliko ya msingi wa mita 14.

Kwa hiyo pango lilikuwepo. Nilimwomba mkandarasi atafute yeyote miongoni mwa vibarua wake aliyepiga picha kwa simu, na kijana mmoja alikuwa nayo: mwenzake amesimama ndani ya shimo, akicheka, na pembeni mwa miguu yake kuna tundu jeusi linaloingia chini ya jiwe. Kwa kulinganisha na urefu wa sepetu iliyoegemezwa pale, tulikadiria kuwa nafasi ile ilikuwa mita za ujazo 2, na hesabu ya saruji ikakubali. Tulilipa 16.4.

Mkandarasi yule alikuwa mtu mzima wa rika la marehemu baba yangu, na kisiwa chetu ni kidogo. Ijumaa iliyofuata tulikutana kwenye shughuli ya harusi, akaniita pembeni, akaniambia kwa sauti ya upole, "Mwanangu, mimi na baba yako tumekula sinia moja. Ulinikalia vibaya." Nilimjibu, "Ami, nakuheshimu kama ninavyomheshimu yeye. Lakini hili tusilizungumze hapa. Njoo ofisini Jumatatu, tukae na msimamizi na mhasibu, na kila mmoja aone karatasi." Alikuja. Aliposema ya moyoni ikadhihirika kuwa hakuwa na nia ya kuiba. Alisimamisha kazi siku mbili kwa sababu ya lile pango, vibarua wakakaa bure, mashine ya kuchanganyia zege aliyoikodi ikaendelea kuhesabiwa siku, na kwa kuwa hakujua mahali pa kuziandika gharama hizo aliziingiza ndani ya ujazo wa zege. Dai la siku mbili za kusimama lilikuwa la haki. Angelileta kwa jina lake tungelilipa bila ya ubishi, na baada ya mazungumzo yale tulililipa kwa ushahidi wa hati ya kukodi ile mashine.

Tangu siku hiyo sikubali kuitwa mtu wa kukamata wezi. Madai mengi mabovu niliyoyaona yalikuwa na kitu cha kweli ndani yake kilichovikwa nguo isiyo yake, na sababu ya kuvikwa hivyo mara nyingi ilikuwa sisi: amri ya mdomo, mchoro uliobadilishwa bila ya tarehe, meneja aliyesema tutajua baadaye. Katika mikataba ya kimataifa ya ujenzi na mitambo inayoitwa FIDIC, toleo la 1999 linamtaka mkandarasi atoe taarifa ya dai ndani ya siku 28 tangu alipolijua au alipopaswa kulijua jambo lililolizaa, na akichelewa anaweza kulipoteza dai lake. Nilipoisoma mara ya kwanza niliiona kali. Sasa naiona kuwa ni rehema kwa pande zote mbili, kwa sababu ndani ya siku 28 shimo bado liko wazi, kibarua bado yuko kazini na kumbukumbu bado ni mbichi. Mikataba yetu midogo haihitaji urefu wa ile ya kimataifa, lakini tumezichukua siku zile 28 kama zilivyo, na tumeongeza sentensi moja ya kwetu: kazi yoyote itakayofukiwa, kufunikwa au kupakwa lipu itapimwa na pande mbili kwa pamoja kabla ya kufunikwa, na isiyopimwa italipwa kwa kipimo cha mchoro tu.

Mabomba yalileta somo la namna nyengine. Kampuni iliyoyafanya ilitoka nje ya Zanzibar, na sehemu ya kazi iliangukia mwezi wa Ramadhani. Dai la mwezi lilionesha mafundi saba, saa kumi kila siku, kwa siku 26, jumla saa 1,820. Karatasi zote zilikuwa na saini ya msimamizi wao na ya msimamizi wetu, kwa wino ule ule na mkono ule ule usiotetereka, jambo ambalo lenyewe lilinitia shaka, kwa sababu mtu anayetia saini kila jioni kwa siku 26 hawezi kuandika kwa namna moja kila siku. Lakini shaka si ushahidi.

Ushahidi ulikuwa getini. Mlinzi wetu wa mchana, mzee wa Makunduchi, alikuwa na daftari la kurasa ngumu lenye jalada lililofunikwa gazeti, ambamo aliandika kila mgeni aliyeingia na kutoka, kwa hati kubwa iliyopangika kama ya mtoto wa chuoni. Nililiweka mezani kando ya karatasi za saa na tukasoma siku kwa siku. Kiwanda chetu, kama sehemu nyingi za kazi hapa, hufunga mapema katika Ramadhani ili watu wafike nyumbani kabla ya futari, na daftari lilionesha mafundi wale wakiingia saa moja na nusu asubuhi na kutoka saa nane mchana, siku zote. Siku mbili za Idd el Fitri, ambazo karatasi za saa zilizihesabu kamili, daftari lilikuwa na mstari mmoja tu ulioandikwa "Idd Mubarak, hakuna kazi". Tulipojumlisha, saa zilizofanywa hazikufika 1,100.

Kampuni ile haikubisha. Ofisi yao ilieleza kuwa karatasi zilijazwa kutokana na mpango wa kazi uliowekwa kabla ya kuanza, na msimamizi wao alizisaini zikiwa tupu. Kilichoniumiza zaidi ni kuwa msimamizi wetu pia alizisaini zote kwa mkupuo siku ya mwisho wa mwezi, zikiwa rundo, kwa sababu aliona ni usumbufu kusaini kila jioni. Kwa sheria tuliyoiweka baada ya hapo, karatasi ya saa isiyosainiwa siku ile ile, kabla fundi hajatoka getini, haiingii katika dai. Na nakala moja hubaki kwa mlinzi. Tumemwongezea mzee yule posho ndogo, na ninaamini ni fedha iliyotumika vizuri kuliko nyingi katika mradi ule.

Yapo mengine ambayo nitayataja kwa ufupi kwa kuwa dawa yake ni ndogo. Katika dai la boila kulikuwa na mstari wa ushuru wa forodha wa asilimia 10, lakini mashine nyingi za viwandani huingia kwa asilimia 0 katika viwango vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hati ya forodha yenyewe ilionesha sifuri. Muuzaji alikuwa ameuweka kama makadirio na akasahau kuutoa. Siku hizi sikubali mstari wa ushuru bila ya hati iliyotathminiwa na forodha pamoja na stakabadhi yake. Kuhusu fedha za kigeni, mkataba ulikuwa kwa dola na malipo kwa shilingi, bila ya kutaja kiwango cha siku gani wala cha benki gani, na ubishi wa barua ulituchukua wiki tano. Mikataba mipya inasema kiwango cha Benki Kuu ya Tanzania cha siku ya malipo. Dhamana ya benki iliyolinda malipo yetu ya awali ilikwisha muda wake wiki mbili kabla meli haijatia nanga katika bandari ya Malindi hapa Unguja, na hakuna mtu aliyekuwa akiitazama kalenda. Mzigo ulifika salama, lakini kwa siku kumi na nne asilimia 30 ya bei ilikuwa mikononi mwa mtu mwengine bila ya kinga yoyote. Na gharama ya kuwafundisha waendeshaji wetu, ambayo muuzaji aliijumuisha ndani ya bei ya mashine, tuliitenga na kuipeleka katika matumizi ya mwaka, kwa kuwa kiwango cha kimataifa cha hesabu IAS 16 hakiruhusu mafunzo kuhesabiwa kuwa sehemu ya thamani ya mtambo.

Matangi ndiyo yaliyonirudisha kwenye kibati cha jenereta. Tuliagiza matatu ya chuma kisichoshika kutu, na safari hii oda ilikuwa imeandikwa vizuri: daraja la 316, kwa sababu kiwanda kiko karibu na pwani na upepo wa bahari huleta chumvi mpaka kwenye madirisha. Daraja la 304, ambalo ni rahisi zaidi kwa bei, linafaa kwa mambo mengi, lakini halistahimili chumvi kama 316, ambalo lina asilimia 2 hadi 3 ya madini ya molibdenamu. Matangi yalikuja yaking'ara yote matatu. Fundi aliyeyapokea alitia sumaku, haikushika, akaandika kuwa ni sawa. Sikujua wakati huo kuwa sumaku haiwezi kukutofautishia madaraja haya mawili, kwa sababu yote mawili kwa kawaida hayashiki.

Baada ya msimu mmoja wa kusi, tangi la tatu lilianza kutoa madoa ya rangi ya chai kwenye maungio na chini ya ngazi. Mawili mengine yalikuwa safi. Tulikuwa katika mwezi wa 11 wa kipindi cha matazamio cha miezi 12, yaani muda ambao muuzaji bado anawajibika kwa kasoro, na asilimia 10 ya bei ilikuwa bado mkononi mwetu. Nilitoa vyeti vya chuma vilivyokuja na mzigo, ambavyo nilikuwa nimevihifadhi kwenye faili bila ya kuvisoma, na Maalim, ambaye alikwisha kustaafu lakini alikubali kuja, alinionesha namba. Kila mkupuo wa chuma kinachoyeyushwa pamoja hupewa namba yake, na namba hiyo hugongwa kwenye bamba na kuandikwa kwenye cheti. Tulipanda ngazi, tukasugua, tukasoma. Namba za matangi mawili zilikuwemo kwenye vyeti. Namba ya tangi la tatu haikuwemo popote. Tulinunua dawa ya matone ya kupimia molibdenamu, inayotumiwa pamoja na betri ndogo ya volti 9, tukajaribu kwanza kwenye tangi la kwanza na rangi ikabadilika; tukajaribu kwenye la tatu, haikubadilika.

Muuzaji alipoletewa picha za namba pamoja na matokeo ya kipimo hakuwa na la kusema. Hatukutaka kulirudisha tangi, kwa kuwa kungetugharimu zaidi, basi tulikubaliana apunguze bei, na tangi lile tukalihamishia ndani ya jengo kuhifadhia shira, mbali na upepo. Lakini nafikiri mara nyingi kuhusu mwezi ule wa 11. Lau madoa yangechelewa wiki sita tu, fedha ingekuwa imekwishatoka na cheti cha kukamilisha kazi kimetolewa kwa saini yangu. Ushahidi wote ulikuwepo tangu siku ya kwanza, kwenye faili langu na kwenye bamba la tangi, mita arubaini kutoka ofisini kwangu.

Ukaguzi ule ulinikutanisha pia na dhulma ya upande wa pili. Fundi mmoja wa kuchomea vyuma, kijana wa Wete aliyekuja na mashine yake mwenyewe, alikuwa ameleta dai la maungio 46 na akalipwa 40. Nilipoipitia karatasi yake niliona kuwa orodha ilikuwa na ukurasa wa pili ambao karani wetu hakuuambatisha. Nilimpigia simu nikamwuliza kwa nini hakudai. Akaniambia, "Bi mkubwa, niliogopa mkiniona mgomvi hamtaniita tena." Alilipwa wiki ile ile. Kwa mkandarasi mkubwa, dai lililokaa miezi mitatu mezani ni usumbufu; kwa kijana kama yule ni kodi ya chumba na ada ya skuli ya mwanawe. Kwa hiyo kanuni tuliyoiandika inatubana na sisi: tuna siku 14 za kukagua dai, na tukiwa na shaka na sehemu yake tunailipa ile isiyo na shaka kwanza, kisha tunaeleza kwa maandishi ni nini kilichobaki na kwa sababu gani. Baadhi ya wenzangu waliona hili linadhoofisha ukaguzi. Mimi naona wakandarasi wanakuja sasa na karatasi zilizo wazi zaidi, kwa kuwa wanajua ukweli hautawachelewesha.

Mwaka huu tunajenga chumba kipya cha baridi, na nimeingia katika kazi hii mapema kuliko nilivyowahi kuingia. Nilikaa na wahandisi oda ilipokuwa ikiandikwa, nikauliza maswali ambayo mwanzoni waliyaona ya kitoto: mashine hii itafanya kazi saa ngapi kwa siku, katika joto la nyuzi ngapi, na siku ya majaribio tutaipima kwa kitu gani. Majibu yao yamo ndani ya mkataba kwa maneno na kwa tarakimu. Mkandarasi wa msingi ni yule yule ami yangu, alishinda zabuni kwa haki, na asubuhi ya jana alinipigia simu kabla ya saa moja. Amefika kwenye jiwe, na upande wa kusini wa shimo kuna tundu. Amesimamisha vibarua na ameandika taarifa ya dai yenye tarehe. Ananisubiri mimi, msimamizi na futi, na zege halitamwagwa mpaka tumeshuka sote ndani ya shimo.